Wahamiaji wa Kichina na Utamaduni Wetu: Uhakiki wa Mawazo Mawili Potofu

Katika madarasa ya itikadi tunayoyaendesha hapa Mlalo, kila tunapofika kwenye mada ya utamaduni na uhusiano wa mataifa, huzuka mawazo mawili yanayopingana, na yote mawili ni potofu. Wazo la kwanza husema kwamba Wachina ni ndugu zetu wa mapambano, na kwa hiyo chochote kitokacho kwao, iwe reli, iwe filamu, iwe ndala, kipokelewe bila maswali. Wazo la pili, ambalo linashikwa zaidi na vijana, husema kwamba Mchina ni mnyonyaji aliyekuja kutuua kibiashara, kutujazia vitu bandia na kutuharibia utamaduni. Makada wengi hujaribu kuyapatanisha mawazo haya kwa kusema kuwa wako Wachina wazuri na wako Wachina wabaya. Huko ni kuikwepa kazi. Watu wazuri na wabaya wako hata katika kila nyumba ya Mlalo, na jambo hilo halijapata kumweleza mtu lolote kuhusu historia.

Kosa la mawazo yote mawili ni moja: yanalichukua taifa kana kwamba ni tabaka. Yanauliza mgeni ametoka wapi. Hayaulizi ameletwa na nani, amekuja chini ya mahusiano gani ya uzalishaji, na hapa kwetu amekutana na mwananchi akiwa katika nafasi ipi. Je, walikutana kama watu wawili chini ya kiboko kimoja, kama wafanyakazi katika kazi moja, au kama muuzaji na mnunuzi wanaotazamana juu ya meza ya duka? Majibu ya maswali hayo ndiyo yanayoamua ni kitu gani cha kitamaduni kitakachobaki mgeni akishaondoka.

Sisi wakufunzi tuna mazoea ya kulianza somo hili na mabaharia wa Zheng He na yule twiga wa Malindi aliyepelekwa China mwaka 1415. Ni hadithi tamu, na hufaa sana kwenye karamu. Lakini twiga yule hakumfundisha mkulima yeyote wa pwani jambo lolote, na vigae vya kauri vinavyochimbuliwa Kilwa vinatueleza zaidi habari za meza za matajiri kuliko za umma. Hata neno chai, ambalo asili yake ni Kichina, lilitufikia kwa kupitia Waajemi na Wahindi, na mmea wenyewe ukaletwa katika milima hii ya Usambara na wakoloni. Msambaa hunywa chai kila asubuhi bila ya Mchina yeyote kuhamia kijijini kwake. Basi tuziache merikebu, tuwatazame watu waliohama.

Katika karne ya 19, biashara ya watumwa ilipokuwa inapigwa marufuku nchi baada ya nchi, ubepari wa dunia ulihitaji mikono mipya ya bei rahisi. Mikono hiyo ikatafutwa India na China. Kati ya mwaka 1847 na 1874 Wachina zaidi ya 100,000 walipelekwa Cuba kwa mikataba ya miaka 8, wakakata miwa bega kwa bega na watumwa wa Kiafrika. Wengine wengi walipelekwa Peru kuchimba mbolea ya ndege visiwani na kulima miwa na pamba. Vita vya uhuru vilipoanza Cuba mwaka 1868, wengi wa Wachina hao walitoroka mashambani wakashika silaha pamoja na Waafrika. Matokeo yake yanasikika mpaka leo: katika kanivali ya Santiago de Cuba hupulizwa zumari la Kichina juu ya ngoma zenye asili ya Afrika, na anayelipuliza mara nyingi ni Mcuba mweusi. Huko Peru chakula kilichozaliwa katika vigenge vya makuli waliomaliza mikataba yao ni chakula cha taifa zima, na kila mji una migahawa yake inayoitwa chifa.

Linganisha na Afrika Kusini. Kuanzia mwaka 1904 wenye migodi ya dhahabu walileta Wachina wapatao 63,000. Sheria iliwakataza kufanya kazi za ufundi, wakafungiwa katika kambi za migodi, na ilipofika mwaka 1910 walikuwa wamerudishwa kwao. Waliifufua migodi ya mabepari, lakini hawakuacha wimbo wala mapishi miongoni mwa wafanyakazi Waafrika waliokuwa wakishuka nao shimoni. Taifa ni lile lile, na karibu miaka ni ile ile. Tofauti ni ua wa kambi.

Kisa cha namna hiyo kimo katika milima yetu wenyewe, nasi hatukifundishi. Mwanzoni mwa miaka ya 1890, Wajerumani walipofungua mashamba ya kahawa katika Usambara ya Mashariki, Wasambaa na Wabondei hawakutaka kuwafanyia kazi. Walikuwa na mashamba yao. Kwa nini wakalime ya mtu? Makampuni yakaagiza mamia ya makuli, Wachina na Wajava, kwa njia ya Singapore, wakashushwa Tanga na kupandishwa milimani. Mpango huo haukudumu. Makuli walikuwa ghali kwa mabwana zao, waliteswa, na hawakuletwa tena kwa wingi. Baadaye, kuanzia mwaka 1907, wakoloni walipata njia iliyokuwa rahisi zaidi: katika wilaya hii, waliyoiita Wilhelmstal, kila mwanamume alipewa kadi, akalazimishwa kufanya kazi kwa mzungu siku 30 katika kila miezi 4. Mchina na Msambaa walikuwa chini ya mnyonyaji mmoja, ila kwa zamu, mmoja akitoka mwingine akiingia. Hawakupata nafasi ya kujuana. Leo hakuna neno, chakula wala kaburi linalosimuliwa hapa Mlalo kuhusu makuli wale.

Jambo moja zaidi kuhusu milima hii, maana linatusaidia katika nadharia. Mwaka 1946 Waingereza walianzisha hapa hapa Mlalo mpango wa kuhifadhi ardhi, wakiwalazimisha wakulima kuchimba matuta. Matuta yenyewe hayakuwa kitu kibaya. Mteremko wetu unayahitaji. Lakini yalikuja na amri na faini, yakageuka kuwa alama ya kutawaliwa, na umma ukayapinga mpaka mpango ukaachwa. Ujuzi ulio mzuri ukija kwa mabavu hukataliwa pamoja na mabavu yake.

Sasa tufike kwenye Wachina wa awamu ya pili, ambao ndio tunaowasifu majukwaani. Baada ya Mwalimu kuzuru China mwezi Februari 1965 na Chou En-lai kuja Tanzania mwezi Juni mwaka huo huo, walianza kuja mafundi, wakulima na waganga. Zanzibar ilikwisha tangulia: madaktari wa jimbo la Jiangsu walifika mwaka 1964, na mpaka leo wanaendelea kupokezana. Kiwanda cha nguo cha Urafiki kilifunguliwa Ubungo mwaka 1968, na jirani yake kikajengwa kiwanda cha zana za kilimo, UFI, ambacho majembe yake yalilima mpaka huku milimani. Kisha reli ya TAZARA: kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, iliyoanza kujengwa mwaka 1970 na kukabidhiwa Julai 1976, kwa mkopo usio na riba, baada ya mataifa ya magharibi kukataa kwa madai kwamba haina faida. Wachina zaidi ya 60 walikufa katika kazi hiyo, na makaburi yao yapo Gongo la Mboto.

Hapa sina budi kujikosoa. Kwa miaka mingi nimefundisha kwamba wakati wa ujenzi wa reli Wachina na Watanzania "waliishi kama ndugu, wakila pamoja na kulala pamoja." Niliyachukua maneno hayo kwa mkufunzi wangu, naye bila shaka aliyachukua kwa wake. Siku moja, katika darasa la tawi, mzee mmoja wa hapa aliyefanya kazi katika kipande cha Mlimba hadi Makambako, penye madaraja na mahandaki mengi, aliomba kusema.

"Mwanangu, umesema vizuri," aliniambia, "lakini chungu kimoja hatukula. Wao walikuwa na kambi yao na jiko lao, sisi na letu. Jioni walikuwa wanapanga mstari wanarudi kwao. Ukimwalika kwako, haji."

"Basi mzee wangu, ulijifunza nini kwao?"

Alifikiri kidogo. "Yule msimamizi wetu alikuwa injinia. Mvua imenyesha, shimo limejaa matope. Mimi nilizoea injinia anasimama juu na mwavuli. Yule akavua viatu, akaingia. Siku ile ndiyo nilijua kwamba anayesoma ramani anaweza kushika sururu. Nikarudi Mlalo na hilo. Kichina sikukijua hata neno."

Kauli ya mzee huyu imenifundisha zaidi ya vijitabu vingi. Kwanza inaivunja hadithi yetu ya kupendezesha. Kambi za reli, kwa nidhamu ya serikali ya China yenyewe, zilikuwa na ua, kama zilivyo leo kambi za makampuni ya barabara. Ndiyo sababu wageni wale wengi walikaa miaka kadhaa na hawakutuachia mapishi, lugha wala wakwe. Pili inaonyesha kwamba daraja moja lilibaki wazi, nalo ni kazi. Kilichopita katika daraja hilo ni sehemu ya utamaduni iliyo kubwa kuliko mavazi na vyakula, yaani namna watu wanavyohusiana wakiwa kazini, na dharau ya msomi kwa kazi ya mikono kupata pigo mbele ya macho ya mtu mmoja aliyekuwa na koleo. Kwamba pigo hilo halikutosha kuimaliza dharau hiyo nchini ni kosa letu sisi, wala si la injinia yule. Tulichoiga kwa haraka zaidi kilikuwa suti ya Chou En-lai, na tuliivaa ofisini.

Mfano bora kuliko wote wa awamu hiyo unadharauliwa na makada kwa sababu unaonekana kuwa ni mchezo tu. Nasema habari za sarakasi. Katika mwaka 1965 vijana wa Kitanzania walipelekwa China kujifunza sarakasi kwa miaka kadhaa, na waliporudi kikaundwa Kikundi cha Taifa cha Sarakasi mwaka 1969. Hapa hatukuletewa onyesho la kutazama. Tulipeleka miili yetu ikafundishwa, ikarudi na ujuzi. Miaka ya 1980 vikundi vya utamaduni, kama Muungano, viliingiza sarakasi katika maonyesho yao pamoja na ngoma, vichekesho na taarabu, na umma wa Dar es Salaam ukaipokea katika baa na kumbi bila kuuliza imetoka wapi. Watoto wakaiga ufukweni na katika viwanja vya shule. Mwezi Februari 2024 vijana wetu wawili wanaojiita Ramadhani Brothers, mmoja akimbeba mwenzake kichwa juu ya kichwa, walishinda shindano kubwa la vipaji la televisheni huko Marekani. Tuliwapongeza kama vipaji vya mtu binafsi, jambo ambalo ndilo ubepari hupenda kusikia. Hakuna aliyeeleza kwamba nyuma ya vijana wa namna ile kuna historia ya karibu miaka 60 ya kufundishana, iliyoanzishwa na serikali ya wakulima na wafanyakazi kwa makusudi. Na hakuna mtu hapa nchini anayeiita sarakasi kuwa ni "ya Kichina." Huo ndio ushahidi kwamba imekuwa yetu.

Kung fu ilitufikia kwa njia nyingine, na nitaipitia kwa haraka. Bruce Lee alizaliwa San Francisco mwaka 1940, mtoto wa wasafiri wa Kichina katika nchi ambayo tangu mwaka 1882 ilikuwa na sheria ya kuwazuia wafanyakazi wa Kichina kuingia. Filamu zake zilipofika katika majumba ya sinema ya Tanga na Dar es Salaam miaka ya 1970, vijana waliona mtu asiye mzungu akimpiga mwenye nguvu kwa mikono mitupu. Wazee wa Chama waliona uhuni. Nadhani vijana waliona sawa zaidi, ingawa waliishia kuvunja vitasa vya milango.

Tamthilia ya Doudou inahitaji uhakiki wa makini zaidi. Mwaka 2011 televisheni ya taifa ilianza kuonyesha mchezo wa Kichina uliotiwa sauti za Kiswahili, unaomhusu Mao Doudou, binti wa Beijing aliyeolewa na kijana ambaye wazazi wake wameachana, na hivyo akajikuta na mama wakwe wawili. Ulipendwa mno. Rais Xi Jinping mwenyewe aliutaja katika hotuba yake Dar es Salaam mwezi Machi 2013. Sababu ya kupendwa si siri: mavyaa ni mavyaa, awe Beijing awe Mlalo, na Kiswahili kilichotumika kilikuwa fasaha kuliko kile cha michezo mingi ya hapa nyumbani. Nilimsikia mama mmoja akisema kuwa hakujua kama Wachina nao hugombana jikoni. Hilo ni jambo la maana kisiasa. Linaondoa ile picha ya Mchina kama mashine ya kazi, na linamrudisha kuwa mtu.

Lakini tuuangalie mchezo wenyewe kwa jicho la kitabaka. Katika nchi iliyofanya mapinduzi ya wakulima, ni mkulima gani anayeonekana katika nyumba ya Doudou? Migogoro yote ni ya watu wa mjini wenye kazi safi: nani atakaa katika nyumba ipi, nani ampe nani fedha, mkwe yupi aheshimiwe kwanza. China iliyomvulisha viatu injinia wa Mlimba haimo. Mwenye kusema kuwa huu ni ujumbe wa ujamaa hajautazama, na mwenye kusema kuwa ni sumu hajautazama pia. Ni mchezo mzuri wa maisha ya tabaka la kati, na unamfundisha mtazamaji kutamani maisha hayo. Lawama yangu iko kwingine. Kiswahili kimekuwa kikitangazwa na redio ya Beijing tangu Septemba 1961, lakini ni michezo yetu mingapi inayotazamwa na mama wa Beijing? Mwaka 1965 tulipeleka watu, wakarudi na ujuzi. Mwaka 2011 tulipokea kanda, tukakaa mbele yake.

Sasa niwageukie wafanyabiashara. Kuanzia miaka ya 1990, China ilipofungua milango kwa soko na sisi tukalegeza masharti yetu, alianza kuja Mchina wa aina ya tatu, ambaye hakutumwa na serikali wala hakuletwa na bwana shamba. Amekuja na mtaji wake mdogo au mkubwa, amekodi chumba Kariakoo, na lengo lake ni faida. Huyu ndiye ambaye amekaa karibu zaidi na wananchi kuliko wote waliomtangulia. Anajua kuhesabu na kutukana kwa Kiswahili. Hata hivyo alichokiacha katika lugha yetu ni tusi: "cha Kichina" maana yake ni kitu kisichodumu, na neno hilo limefika hadi kwenye maumbile ya wanawake yaliyoongezwa kwa dawa.

Vijana wanaolitumia tusi hilo nawaomba wafike hatua moja mbele. Nani huagiza simu isiyodumu? Wafanyabiashara wetu wenyewe husafiri hadi Guangzhou, wanakaa na mwenye kiwanda, na kutaja daraja la ubora wanalotaka, nao hutaja la chini kwa sababu ndilo lenye faida kubwa kwa mnunuzi maskini. Kiwanda kile kile hutengeneza bidhaa za Ulaya ambazo hazivunjiki. Kwa hiyo tusi tunalomtupia Mchina linamficha mshirika wake mwenyeji. Mwaka 2011 serikali iliwaamuru wageni wachuuzi waondoke Kariakoo. Mwezi Julai 2025 ilitoka amri yenye orodha ya biashara 15 ambazo wasio raia hawaruhusiwi kuzifanya, na siku chache baadaye, mwezi Agosti, ikafunguliwa pale Ubungo, mahali palipokuwa kituo cha mabasi, jumba la biashara lenye maduka zaidi ya 2,000 lililojengwa kwa mtaji wa Kichina. Si mbali na Urafiki. Mwanafunzi anayetaka kuuelewa mgongano huu aende Ubungo kwa miguu: kiwanda cha mwaka 1968 kilikusudiwa kututoa katika kununua nguo za watu, na jumba la mwaka 2025 limekusudiwa kuuza. Wageni wametoka nchi ile ile, na bendera ni ile ile.

Nilipokuwa nikifundisha habari za amri hiyo ya Julai, nilisisitiza kifungu kimoja kinachotuhusu moja kwa moja, kile kinachowazuia wageni kununua mazao shambani. Nilisema kwamba ni ushindi kwa mkulima wa Usambara. Mama mmoja aliyekuja darasani na kapu lake alinyoosha mkono. Analima kabichi, karoti na chainizi, ile mboga ya majani ambayo jina lake tu linatosha kueleza ilikotoka, na ambayo leo hupikwa kwa nyanya na vitunguu katika nyumba za Mlalo kama vile ilikuwapo tangu enzi za Wakilindi.

"Mwalimu," alisema, "mimi Mchina namjua kwa mboga tu. Hajapata kukanyaga shambani kwangu. Anayekuja na Fuso, akanipangia bei mboga ikiwa bado ardhini, ni kijana wa hapa hapa, na kule sokoni Dar kuna mwingine anayempangia yeye. Hao amri yako imewataja?"

Nilikiri kwamba haikuwataja. Tumekubaliana kuwa kipindi kijacho aje na hesabu zake: alinunua mbegu kwa kiasi gani, aliuza tenga kwa kiasi gani, na tenga hilo hilo liliuzwa kiasi gani lilipofika Dar es Salaam.